Neno la Kiebrania "sarot" katika Biblia, kama kwa wake 700 wa Sulemani, ni binti za kifalme au ni nani hasa?

Ni wanawake wa tabaka la wakuu, si lazima wazaliwe na mfalme. *Sarot* ni wingi wa *sara*, umbo la kike la *sar*: mkuu, jemadari, ofisa. Binti wa mfalme kwa Kiebrania ni *bat melekh*, na malkia ni *malka*.

Neno lenyewe ni adimu: Waamuzi 5:29, 1 Wafalme 11:3, Esta 1:18, Isaya 49:23, na kwa umoja Maombolezo 1:1, Yerusalemu ikiitwa *sarati* kati ya majimbo. Esta ndiyo inayoliweka wazi: hao ni wake wa wakuu wa Uajemi na Umedi. Kwa Sulemani, *nashim sarot* 700 ni wake wenye hadhi ya juu, kinyume cha masuria 300. "Binti za kifalme" ni tafsiri inayopitiliza kidogo. Jina Sara (Mwanzo 17:15) ni neno hilohilo.

Angalia pia nukta inayoonyesha matamshi ya herufi ya kwanza ya neno hili kwa Kiebrania. Ikiwa juu kushoto mwa herufi hiyo, ni *sarot*. Ikihamia kulia inakuwa *sharot*, waimbaji wa kike, kama Mhubiri 2:8. Andiko lisilo na nukta huwachanganya wengi hapo.