Maswali na majibu: rimoti ya roboti kwenye skrini

Tangu niseme kwamba rimoti ya roboti unaweza kuichora mwenyewe kwenye skrini maswali hayaishi, najibu haya yanayojirudia.

Nina kiroboti cha mota mbili, Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha mota kwa programu) na HC-05 (moduli ya Bluetooth). Nataka batani za mbele, nyuma, kulia, kushoto kwenye kompyuta. Nianzie wapi?

Python na Tkinter (maktaba yake ya kuchora madirisha na batani), maana ukishaweka Python mara nyingi Tkinter imo humo humo (kwenye Linux saa nyingine unaiongeza pembeni), halafu weka pyserial ya kuongea na poti (njia ya serial ambayo kompyuta inatumia kuzungumza na Arduino, kwa waya au Bluetooth), basi. Dirisha moja, batani tano, kila batani herufi moja: M mbele, N nyuma, L kulia, K kushoto, S simama. Huko kwa Arduino unasoma herufi unaamua mota ipi izunguke. Ila pini ya RX (ya kupokea data) ya HC-05 ni ya 3.3V na Uno inatoa 5V, weka resista mbili za kugawa volti, usije kuniambia moduli imekufa.

Nikibonyeza Mbele inaenda, nikiachia bado inaenda tu mpaka igonge ukuta. Shida nini?

Hili ndo kubwa kuliko yote. Batani ya Tkinter ukiipa command (funksheni ya kuita ikikliki), inafanya kazi pale unapoachia, sio unapobonyeza, habari ya kushikilia haiijui kabisa. Tumia bind mbili (bind inaunganisha tukio na funksheni), ButtonPress-1 itume M na ButtonRelease-1 itume S. Wengi wakifika hapo wanashangilia, mi nakwambia bado! Hivi Bluetooth ikikatika katikati, au kompyuta ikizima, ile S itafikaje? Haifiki, na roboti inabaki na amri ya mwisho iliyoisikia ambayo ni twende mbele. Yangu ilishashuka ngazi kwa staili hiyo, nimeshika kompyuta naiangalia tu. Kwa hiyo roboti yenyewe ndo ijue kusimama: kila ikipokea herufi ikumbuke muda kwa millis (saa ya Arduino inayohesabu milisekunde), kwenye lupu iangalie, zikipita milisekunde 500 haijasikia kitu izime mota. Na rimoti nayo, muda wote umeshikilia batani, irudie kutuma M kila milisekunde 100. Yaani kimya maana yake simama. Kama leo una muda wa kuandika kitu kimoja tu andika hicho, rangi za batani zitasubiri.

Nimeweka while na sleep ili irudie kutuma, dirisha likaganda.

Lazima ligande. Tkinter ina mzunguko mmoja tu, mainloop, huo huo ndo unachora batani na ndo unasikiliza kliki, ukiulaza kwa sleep umelaza vyote, hadi ule muda unaachia batani hakuna anayesikia. Tumia after ya milisekunde 100 (inaita funksheni baadaye bila kugandisha dirisha): funksheni inatuma, halafu inajipanga yenyewe tena, na ukiachia unaifuta kwa after_cancel.

Nikitumia waya wa USB amri ya kwanza inapotea.

Uno inajirisiti (inaanza upya) poti ikifunguliwa. Fungua poti, subiri kama sekunde 2, ndo utume. Hapa sleep ruksa, mainloop haijaanza.

Nimeongeza slaida ya spidi, sasa roboti inaitikia kwa kuchelewa.

Slaida inatuma kila ikisogea hata kidogo. Kwenye spidi ya poti ya 9600 (biti kwa sekunde) zinapita baiti kama 960 kwa sekunde, na kama kule Arduino umejaza delay ndo kabisa, amri zinapanga foleni, unageuza kushoto yenyewe bado inatekeleza mambo ya zamani. Usitume slaida inaposogea, chukua thamani yake ndani ya ile after ya kila milisekunde 100, itume pamoja na herufi, mfano M180, mwisho weka alama ya mstari mpya ili Arduino ijue namba imeishia wapi. analogWrite, ambayo Arduino inatumia kuweka spidi ya mota, inapokea 0 hadi 255, ila namba zikiwa ndogo sana mota inalia tu bila kuzunguka, kwa hiyo jaribu yako inaanza kuzunguka kwenye ngapi, slaida ianzie hapo.

Mishale ya kibodi inakatakata nikiwa kwenye Linux, ila kwa batani za skrini iko poa.

Ukishikilia kitufe Linux inakuletea kuachia na kubonyeza vya uongo mfululizo. Ukipata KeyRelease (tukio la kuachia kitufe) usikimbilie kutuma S, panga itumwe baada ya milisekunde 50, KeyPress ikija kabla ya hapo ifute.

Batani ya Simama niiweke wapi?

Katikati, kubwa kuliko zote, na kitufe cha nafasi kwenye kibodi kifanye kazi hiyo hiyo, maana roboti ikienda kombo hutatafuta kishale cha mausi kiko wapi, utapiga kibodi kwa kiganja.