Kwa nini watu walisoma riwaya za filamu

Umeuliza, ndugu yangu, nani alikuwa na haja ya riwaya iliyotolewa kwenye filamu ilhali filamu yenyewe ipo. Haikuwepo! Kabla ya kanda za video kuenea, filamu ikishaondoka sinema imeenda, na aliyetaka kuirudia alinunua kitabu. Tazama Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza: BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, na mashabiki wengi wakazijua hadithi hizo kupitia vitabu vya wachapishaji Target, vingi vikiwa vimeandikwa na Terrance Dicks.

Tena mwandishi alipewa skripti mapema, filamu haijamaliza kuhaririwa. Ndiyo maana kitabuni unakuta matukio yaliyokatwa, na yale anayoyawaza mhusika kimoyomoyo, ambayo kamera haiyafikii. Riwaya ya Star Wars ilitoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu. Jalada lilimtaja George Lucas, mwongozaji wa filamu hiyo, lakini aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Hilo bado linaniuma kwa niaba yake.

Kisha zikaja video, DVD, intaneti. Leo mtu anatazama filamu nzima kwenye simu akiwa ndani ya matatu. Soko likanywea. Lakini usiseme vitabu hivyo ni takataka. Wauzaji wa vitabu vya mitumba hapa mjini wakikutandazia rundo, tafuta vile vyenye karatasi za manjano na picha za waigizaji katikati. Ukipata kimoja, kisome kabla hujatazama filamu yake.