Maswali ya Wasomaji: Mhusika wangu anaumia, mbona msomaji hasikii?

SWALI: Shikamoo dada. Naandika riwaya yangu ya kwanza, mhusika mkuu anaitwa Neema, kafiwa na mume na ndugu wa mume wamemtenga. Nimejitahidi sana kuonyesha anavyoumia lakini kila niliyempa asome ananiambia stori nzuri ila haijamgusa. Nimeandika hivi: "Moyo wa Neema ulijaa majonzi makubwa. Alijihisi mpweke kuliko mtu yeyote duniani. Machozi yalimtiririka mashavuni." Mwenyewe nililia wakati naandika, sasa mbona wenzangu hawasikii kitu? – Mwandishi Chipukizi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuhangaika, maana najua inavyokatisha tamaa kumpa mtu kitu kilichokutoa machozi halafu akurudishie na neno "nzuri".

Wewe ulilia kwa sababu Neema unamjua, umekaa naye miezi kichwani, unajua mumewe alikuwa anamwitaje. Msomaji hajui lolote kati ya hayo, yeye kapewa sentensi tatu ambazo ukimtoa Neema ukamweka mjane mwingine yeyote zinamkaa vilevile bila kurekebisha hata nukta. "Majonzi makubwa" inaniambia kiasi tu, yaani mengi, haya, mengi ya nini?

Watu watakwambia dawa ni moja, usitaje hisia kabisa, onyesha tu. Mi kama sheria siikubali. Washairi wetu wametaja majonzi na dhiki kwa majina yake karne na karne na tunalia nao mpaka leo. Kutaja sio kosa. Swali ninalokuuliza ni jingine: hayo maumivu Neema anamwambia nani? Kwa sababu mtu akiumia anatafuta wa kumwambia, hata kama ni Mungu, hata kama ni marehemu mwenyewe, hata kama ni mtoto mchanga asiyeelewa neno, na upweke ndo pale anapomtafuta huyo mtu akamkosa, au akampata na asisikilizwe. Kwenye kipande chako Neema haongei na yeyote na hakuna anayemnyima jibu, yuko peke yake na msimulizi anayemhurumia, basi. Upweke wa hivyo haumwumi msomaji kwa sababu hajaona mlango ukifungwa.

Ngoja nikujaribishie. Tuseme lipo grupu la familia kwenye simu, lile la ukweni, na Neema bado yumo. Asubuhi anaanza kuandika meseji ndefu, kuhusu usiku, kuhusu nguo za mume ambazo hajui azifanyeje, anaisoma, anaifuta yote, anatuma neno moja, "Mmeamkaje?" Wanasoma, anaona kabisa kwamba wamesoma, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Mchana wifi yake anaweka picha ya mtoto kavaa sare mpya ya shule, na grupu zima linaamka, hongera, mashallah, kakua huyu, na Neema naye anaandika hongera, na wifi anawajibu wote mmoja mmoja kwa jina, anamruka yeye tu.

Hapo sijasema mpweke wala sijamliza, na ona wamejaa watu kibao. Upweke mkali unaandikwa mbele za watu. Ukimweka mhusika chumbani peke yake msomaji anasema sawa, yuko peke yake, kesho atatoka, lakini ukimweka katikati ya watu wanaojibizana na wanamruka yeye tu, msomaji anajua hakuna pa kutoka.

Kama hujasoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) itafute hata kesho. Mhusika mkuu, Kazimoto, ana ndugu, ana marafiki, anaoa, watu wapo kila kona, ila yanayomzunguka kichwani hana wa kumwambia akayapokea kama yalivyo. Kezilahabi akamfanya asimulie mwenyewe, kwa "mimi", kwa hiyo anayeyasikia yote ni wewe msomaji peke yako na huwezi kumjibu, ndo maana kitabu kile kinakukaba. Kuchagua nafsi ya kusimulia ni kuamua nani atabeba siri ya mhusika. Riwaya yako iko nafsi ya tatu, si vibaya, ila jaribu sura moja tu Neema aongee na mumewe kwa "wewe", uone kama haitakufungulia kitu.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) imepita njia nyingine, Maimuna kafungiwa ndani na baba yake Maksuudi, ukuta ni ukuta kweli. Lakini hata pale kinachouma ni watu walioko nje ya ukuta ambao hana ruhusa ya kuwa mmoja wao.

Machozi yaweke akiba. Mtu anayejizuia kulia mbele ya watu anamtesa msomaji kuliko anayebubujika, na ukimliza ukurasa wa pili, ukurasa wa mia utamfanya nini?

SWALI: Mi naandika mashairi ya vina na mizani, marafiki wananiambia maumivu ya kweli hayawezi kukaa kwenye arudhi, yaani hizo kanuni za vina na mizani, niende mashairi huru. Ni kweli? – Mtunzi

JIBU: Si kweli, na huu ubishi ni wa zamani, Kezilahabi huyohuyo alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi huru watu walivutana sana. Njia zote mbili zinabeba maumivu, ila kila moja inayabeba kivyake.

Angalia kibwagizo. Mstari uleule unarudi mwisho wa kila ubeti, na mtu mwenye uchungu ndivyo anavyowaza, anazunguka, anazunguka, anarudi palepale. Ubeti wa kwanza maneno yale ni malalamiko tu, ukifika wa nne, baada ya yote uliyosimulia katikati, maneno yaleyale yameshakuwa mazito hata mdomo unaona tabu kuyatoa, na hujabadilisha herufi. Mashairi huru mara nyingi hayana hicho kifaa, inabidi yatafute kingine, mstari unaokatika ghafla, neno moja limebaki peke yake kwenye ukurasa.

Na kama unahitaji ushahidi, chukua diwani ya Sauti ya Dhiki ya mshairi Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", akawekwa peke yake mbali na wafungwa wenzake, na mashairi yale aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973. Mtu hana kalamu ya halali, hana wa kuongea naye, na bado anahesabu mizani! Mi naona ile arudhi ilimsaidia, shairi lenye vina unaweza kulishika kichwani hata karatasi ikikamatwa, na kila unapolisoma kimoyomoyo unakuwa kama una mtu wa kujibizana naye. Na tazama jina alilolipa, kaweka sauti kwanza ndo dhiki ikafuata. Dhiki ile inasemwa kwa watu walioko nje, anawategemea wasikie, haikai ikijililia yenyewe.

Kwa hiyo baki na vina vyako kama ndiko ulikozoea, ila ukiona neno limeingia kwa sababu ya kina tu na si kwa sababu mtu anaumia, litoe, msomaji wa mashairi atalinusa hata ulifiche wapi.

SWALI: Stori yangu ni ya kijana aliyekata tamaa na nataka mwisho ajiue, ili watu waguswe. Kuna kitu natakiwa kuangalia? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kipo, tena mi nitakuwa mkali kidogo hapa. Hilo neno "ili watu waguswe" ndo linanitia wasiwasi. Kifo kikiwekwa kwa sababu mwandishi hana pa kumpeleka mhusika, msomaji anaona umemtoroka. Rosa kwenye riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), mwisho wake unauma kwa sababu tulianza mbali, tangu baba yake Zakaria anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, tukaona woga ule unavyomfuata shule na baada ya shule, tukaona kila mkono ambao ungemshika ukichelewa. Jiulize kwenye stori yako nani alichelewa. Kama hakuna, mwisho wako bado haujaiva.

Lingine, usieleze namna alivyofanya. Usitaje njia wala hatua. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi wa habari unaoonya hilohilo, maelezo ya kina yanaweza kumsukuma mtu ambaye tayari yuko ukingoni, na wewe huijui hali ya atakayekusoma. Kisanaa pia hupotezi kitu, andika waliobaki, andika simu inayoita na hakuna wa kupokea.

Na nakuomba kama dada yako, kama haya ya huyo kijana kwa kiasi fulani ni yako wewe, hiyo stori iweke pembeni kwanza, mwambie mtu unayemwamini leo hii, au nenda kituo cha afya ukaongee. Stori itakusubiri, tuma ukiwa tayari, nitaisoma yote.