Kwa mhadhiri mpya wa somo la miundombinu Mwanza

Mhadhiri msaidizi anayekabidhiwa somo la miundombinu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili wa uhandisi hukuta mtaala uliojaa kila kitu: barabara, maji, umeme, reli, mawasiliano. Ushauri wangu, baada ya kulifundisha kwa muda, ni kwamba usiviguse vyote kwa uzito uleule, bali uchague mfumo mmoja na kuufuata tangu chanzo hadi kwa mtumiaji. Hapa Mwanza sioni unaofaa kuliko maji.

Jiji limekaa kwenye vilima vya mawe, ziwa liko chini yake, na maji yanayovutwa ziwani hayana budi kupandishwa. Wape wanafunzi hesabu hii kabla ya nadharia yoyote: kupandisha mita moja ya ujazo ya maji, yaani ndoo 50 za lita 20, hadi kimo cha mita 100 kunahitaji uniti 0.27 za umeme, na ikiwa pampu pamoja na mota yake vina ufanisi wa asilimia 70, zitatumika karibu uniti 0.4, msuguano ndani ya bomba ukiwa bado haujahesabiwa. Mwanafunzi aliyepanga chumba mlimani huelewa papo hapo kwamba gharama ya umeme ni sehemu ya usanifu. Kisha waonyeshe kwamba safu ya maji ya mita 100 hukandamiza bomba kwa karibu bar 10, ambazo ndizo ukomo wa bomba la daraja la PN10, na uwaache watafute wenyewe kwa nini kuna matanki katikati ya mlima. Usiwape jibu mapema, hata kipindi kikiisha kimya.

Programu za kompyuta zije baadaye. EPANET, programu ya kukokotoa mtiririko na presha ya maji katika mtandao wa mabomba, inayotolewa bure na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, inalifaa darasa lisilo na bajeti, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida hudhani kwamba kila mteja anapata maji yote aliyohitaji, hata pale presha inaposhuka chini ya sifuri. Toleo la 2.2, la mwaka 2020, liliongeza njia ya kukokotoa kwa kutegemea presha, ila ni lazima uichague mwenyewe. Waendeshe njia zote mbili kwenye mtandao uleule wa mabomba, kisha uwaulize ni ipi inayofanana na mtaa wenye mgawo. Kwa kweli hakuna inayofanana vizuri, kwa kuwa programu huyachukulia mabomba kuwa yamejaa wakati wote, ilhali bomba la mgawo hukauka na kujaa upya, likisukuma hewa mbele ya maji. Mjadala huo nauthamini kuliko michoro yote ya rangi watakayoichapisha.

Chanzo nacho hakijatulia. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na hilo pekee linatosha kwa kipindi kizima kuhusu mahali pa kuweka mdomo wa bomba la kuvutia maji.

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, litakushawishi uache maji. Litengee kipindi kimoja. Hesabu za nyaya na nguzo zake ni nzito mno kwa mwaka wa pili, lakini swali la nani alikuwa akipata riziki kwenye foleni ya kivuko, na sasa anafanya nini, wanaweza kulifuatilia kwa kalamu na daftari.

Katika mtihani, tenga alama za kutosha kwa uendeshaji: nani anafunga valvu, vipuri vinatoka wapi, nani analipa. Na barua ya kuomba kutembelea kituo cha kusukuma maji iandike wiki ya kwanza ya muhula, kwa jina la mkuu wa idara, ukitaja idadi ya wanafunzi na kuomba fundi wa zamu awepo, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa maswali mengi kuliko meneja.