Maswali ya wasomaji: Chui kapita getini, mnataka apelekwe wapi?

Safari hii barua ni nyingi na karibu zote zinafanana, mnyama kaonekana sehemu ambayo watu wanaamini sio kwake. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kidogo mnivumilie, hilo swali naulizwa hata nikiwa kwenye foleni.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Kamera ya getini kwetu imemnasa chui mara tatu mwezi huu, anapita usiku, juzi alisimama kabisa akanusa ndoo ya taka alafu akaondoka zake taratibu kama mwenye nyumba. Majirani tumekaa kikao tukakubaliana tuwaombe wahusika waje wamtege wakamwachie mbali huko porini. Jirani mmoja tu ndo anabisha, anasema tutajiletea balaa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Huyo mbishi. Najua sio jibu mlilotaka.

Chui mkubwa ana eneo lake, amelitia alama za mkojo na kucha, anajua maji yako wapi, anajua mbwa yupi amefungwa na yupi anazurura. Mkimtoa, nafasi yake haikai wazi, anaingia mwingine, na mara nyingi ni kijana anaetafuta pa kuishi, hajui watu wenu wanapita wapi na saa ngapi. Na huyo mliempeleka porini nae anakuta kule kuna wenyewe, wanamfukuza, anaanza kutafuta njia ya kurudi kwa kukatiza vijiji asivyovijua, ana njaa na pengine kavunja meno kwa kung'ata vyuma vya mtego. Hapo mmetengeneza chui hatari ambae mwanzo hakuwepo.

Sio nadharia hii. Kule Junnar, jimbo la Maharashtra nchini India, chui wanaishi ndani ya mashamba ya miwa kabisa, wanazaa humo humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kukamatwa na kupelekwa misituni, na baada ya hapo mashambulizi kwa watu yakapanda kutoka wastani wa 4 kwa mwaka mpaka 17. Sri Lanka nako walihamisha tembo madume wasumbufu wakawafunga kola za GPS waone itakuwaje, wengine wakarudi walikotoka, wengine wakazurura hovyo, wachache wakatulia karibu na walipoachiwa, na kwa ujumla ugomvi na watu ukaongezeka na vifo vya tembo pia. Kwahiyo mtu akiniambia "tumhamishe" mie namuuliza, tumhamishie kwa nani?

Alafu angalia hiyo saa kwenye klipu zako. Utafiti uliotoka 2018 ulikusanya taarifa za spishi 62 za mamalia toka mabara sita, ukakuta palipo na watu wanyama wanahamishia shughuli zao usiku, yaani mnyama aliekuwa anagawa muda wake nusu mchana nusu usiku anafika kama asilimia 68 usiku. Huyo chui wenu anawakwepa. Anafanya kila awezalo msikutane.

Cha kushughulikia ni hiyo ndoo. Taka zinaleta mbwa koko, mbwa koko wanaleta chui, ndo mnyororo wote ulivyo. Mumbai wana hifadhi ya taifa ya Sanjay Gandhi imezungukwa na mamilioni ya watu na chui wako humo, na watafiti walikadiria mbwa wa mitaani ni kama asilimia 40 ya chakula chao (kuna waliopiga hesabu wakasema chui hao wanapunguza watu kung'atwa na mbwa, na kichaa cha mbwa pia, ila hilo usilitaje kwenye kikao chenu, watu watakuona umechanganyikiwa). Kwahiyo taka zifunikwe, mbwa walale ndani, vichaka vya kando ya njia vifyekwe, watoto wasitembee peke yao giza likiingia, na mtu mzima akipita usiku awe na tochi na aongee kwa sauti. Ila akianza kuonekana mchana kweupe na hakimbii akiona watu, au kamgusa mtu, hapo hakuna cha kikao, piga simu kwa wahusika saa hiyo hiyo.

SWALI: Hivi yale madaraja ya wanyama yanayojengwa juu na chini ya barabara kuu yanatumika kweli au ni hela zinamwagwa tu? Mnyama atajuaje apite pale?

JIBU: Yanatumika, ila hayatumiki kesho yake. Sehemu iliyofuatiliwa muda mrefu zaidi ni Banff kule Kanada, wameweka uzio mrefu kando ya barabara na vivuko juu na chini, na ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dubu wakubwa wa kahawia walichukua mpaka miaka mitano kuvizoea, kwahiyo mtu angepita mwaka wa kwanza angeandika ripoti kwamba mradi umefeli. Kitu kingine kilichonifurahisha, hawapendi mlango mmoja. Hao wa kahawia wanataka daraja pana la juu lenye anga wazi, ila dubu weusi na simba wa milimani (puma, paka mkubwa wa Amerika) wanapenda kivuko chembamba cha chini chenye giza. Ukijenga cha aina moja umeshachagua nani apite.

Na uzio ndo nusu ya kazi, watu wanasahau hilo wanajenga daraja tupu. Mnyama hasomi kibao, anafuata uzio mpaka anakuta uwazi. Au anafuata njia ya babu zake, kama Mlima Kenya ambako kivuko cha chini kiliwekwa kwenye ushoroba ambao tembo walikuwa wanautumia tangu zamani kati ya mlima na nyanda za chini, na tembo dume aitwae Tony akapita muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Ingejengwa kilomita kadhaa pembeni kwa sababu kiwanja ni rahisi, hadithi ingekuwa nyingine.

SWALI: Nimeona picha ya ng'ombe kachorwa macho makalioni eti simba wasimle. Utani huu?

JIBU: Sio utani, japo nami nilicheka. Ni Botswana, pembeni ya delta ya mto Okavango. Simba anategemea kuvizia, akihisi ameonekana mara nyingi anaacha, kwahiyo wakachora macho nyuma ya ng'ombe na kufuatilia makundi 14 ya ng'ombe kwa miaka minne. Kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuuawa hata mmoja. Waliochorwa msalaba tu waliuawa 4 kati ya 543, na ambao hawakuchorwa kitu 15 kati ya 835. Angalizo, kwenye kila kundi walikuwepo wasiochorwa, sasa ukichora wote sijui simba watafanyaje. Na rangi inafutika, inabidi kurudia kila baada ya wiki chache.

SWALI: Tembo wanamaliza mazao yetu. Tumeambiwa tufunge mizinga ya nyuki. Tembo na nyuki wapi na wapi?

JIBU: Ngozi nene ile isikudanganye, nyuki wanaenda kwenye macho na ndani ya mkonga, na hapo tembo ni laini kama wewe. Mtafiti Lucy King na wenzake walicheza sauti ya nyuki waliochokozwa kwenye spika karibu na familia za tembo nchini Kenya, wengi wakaondoka ndani ya sekunde kadhaa, wanatikisa vichwa na kujirushia vumbi. Ndo likazaliwa wazo la uzio, mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba kila baada ya mita 10 hivi, imeungwa kwa waya, mingine ni ya bandia kupunguza gharama, tembo akisukuma waya mizinga yote inayumba na nyuki wenyewe wanatoka.

Karibu na Tsavo Mashariki imefuatiliwa miaka mingi na kwa wastani kama robo tatu ya tembo waliosogelea walizuiwa, ambayo ni nzuri sana ila hiyo robo iliyobaki nayo inakula. Tatizo kubwa linakuja ukame ukipiga, maua hakuna, nyuki wanahama, na mzinga mtupu ni boksi tu na tembo wanajua. Kwahiyo msifunge uzio bila kuuliza nyuki watakula nini miezi ya kiangazi na nani ataikagua mizinga kila wiki. Faida yake nyingine, hata tembo wasipokuja asali ipo, kitu ambacho uzio wa umeme haukupi.

SWALI: Mie naona tunajidanganya. Palipo na watu hakuna tena uasilia, tuzungushie hifadhi tuachane na hayo mengine. Nimekosea?

JIBU: Nusu. Kuna viumbe hawawezi kabisa kuishi na sisi, wale wanaotaka msitu mnene usiokatwa, na hao hifadhi kubwa ndo kila kitu kwao. Ila hilo la "hakuna tena uasilia" nakukatalia.

Niliwahi kusimama kwenye mbuga moja ya nyasi, kila upande nyasi ndefu kavu za kukwaruza miguu, alafu katikati kuna duara la kijani, nyasi fupi laini, swala wamejazana humo na nje ya duara hakuna hata mmoja. Nikadhani kuna chemchemi. Kumbe palikuwa zizi la zamani. Samadi ya mifugo iliyolala pale ilirutubisha udongo, watu wakahama, rutuba ikabaki. Na inabaki sana, utafiti wa 2018 huko Narok nchini Kenya ulipima sehemu za wafugaji wa kale zenye umri kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi na bado udongo wake ulikuwa na virutubisho vingi kuliko wa jirani. Swala unaompiga picha ukisema "asili tupu" huenda anakula kwenye zizi la mtu aliekufa kabla ya Kristo.

Na wewe wa chui, ukipata klipu nyingine baada ya kufunika hiyo ndoo niandikie alipita saa ngapi na kama alisimama.