Yukata ya leso, paka wa mtaani na Ujapani wetu wa Mombasa

Watu wananiuliza sana ile nguo ya mikono mipana nilovaa Idi niliagiza wapi, wengine washajijibu wenyewe ati nina mtu Dubai. Hakuna Dubai wala nini. Ni leso. Jozi mbili za leso kutoka Biashara Street nikampelekea fundi, na leo ntaeleza yote manake nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kama unapenda mambo ya Kijapani, anime zile katuni zao, mitindo ya Harajuku, mtaa wa vijana wa mitindo kule Tokyo, vijipaka vya dukani vilivyoinua mkono, na unaishi Mombasa, usianze kwa kuagiza nguo onlaini. Zile za bei poa nyingi ni poliesta, na poliesta msimu wa kaskazi hapa ni adhabu ya kaburi. Binamu yangu aliagiza moja ya kosplei, yani ya kujivisha kama wahusika wa katuni, kwenye picha kitambaa kizito kina maua, kilichofika chepesi mpaka sindiria inaonekana, akapanda nayo feri ya Likoni saa saba mchana akashuka ng'ambo amerowa chapachapa. Sasa jiulize, Wajapani wenyewe Julai na Agosti wana joto la unyevu kama letu, wanavaa nini? Yukata. Ni kimono ya pamba isiyo na bitana, zamani ilikuwa nguo ya kutokea bafuni, siku hizi wanaivaa kwenye sherehe za kiangazi wakienda kutazama fataki. Pamba! Na pamba yenye pindo na maua sisi tunayo tele.

Leso nunua ya pamba tupu, usidanganywe na ile inayong'aa. Iroweke maji ya chumvi, ifue, ianike, itoke wanga na kama ni ya kurudi irudi kabisa kabla haijaguswa na mkasi. Jozi moja haitoshi yukata ndefu, inatosha haori tu, kile kikoti cha wazi mbele cha kuvalia juu ya nguo nyengine, lakini kwa jozi mbili unafika mpaka kwenye vifundo vya miguu na mikono yake. Uzuri wa yukata ni mistari iliyonyooka, hakuna kukata duara la kwapa wala kubana kiuno, ni mapande marefu yanaunganishwa, kwa hivyo fundi wa kanzu yeyote ataiweza mradi umuonyeshe picha ya nguo imetandazwa chini, sio picha ya msichana ameivaa. Tafadhali shika hilo. Ukimuonyesha ya msichana utaletewa buibui la ajabu.

Fundi wangu ni mzee wa Majengo, aliitazama ile picha, akavua miwani, akaitazama tena. "Mwanangu, kwani hili si joho tu? Tafauti halina zari."

Nikamwambia ndio babu, ila mkono nifanyie wa pembe nne, mdomo mdogo wa kupitisha kiganja, chini ushonwe kama mfuko. Yukata ya kike huachwa wazi pia pale chini ya kwapa na upepo unapita hapo, raha tupu. Kama unajistiri vaa tisheti ya mikono mirefu ndani, mimi ndo navaa hivyo, na mtandio wangu juu, na hakuna aliyekufa.

Kazi ngumu ni jina la leso. Ukimuachia fundi akate tu, maandishi yatakwenda popote yatakapo. Zangu zimeandikwa HASIDI HANA SABABU, na leso nne ni majina manne, kwa hivyo tulikaa chini tukapanga na kupanga mpaka moja likatua mgongoni chini ya mabega, mawili tukayazika ndani ya mishono, na la nne lilikuwa halina pa kwenda likakatika kwenye mkono wa kulia, linasoma SABABU peke yake. Hiyo ndo sehemu watu wanaiulizia zaidi kuliko nguo yenyewe. Pindo zungusha chini, usilikate hata kidogo.

Mkanda, obi, usinunue. Kata kikoi vipande virefu vya upana wa shibiri moja hivi, unganisha mpaka upate mita tatu na nusu ama nne, jizungushe mara mbili ufunge nyuma. Miguuni makubadhi yanatosha. Wao wana geta za mbao, na wazee wetu walikuwa na mitalawanda, mbao vile vile na zinalia ko ko ko vile vile, ukimpata mtu anazo ndani usimuachie.

Halafu jinsi ya kufunga, hapa kuwa makini. Upande wa kushoto wako ndo unakuja juu ya wa kulia, mwanamke na mwanamume ni hivyo hivyo. Kinyume chake ndo wanavyovishwa maiti kule, sio utani. Na tatizo ni selfi, kamera ya mbele ya simu nyingi inageuza picha kama kioo, umevaa sawasawa lakini kwenye picha unatoka umevaa kimaiti, na wajuaji wa anime wanakungojea kwenye komenti na majambia yao. Igeuze picha kwanza ndo uiweke.

Mambo ya Harajuku ya kuvaa soksi ndefu, sketi juu ya suruali, shati juu ya shati, koti, mimi nasema tuwaachie wenye Desemba ya baridi. Chukua rangi zao na ujasiri wao, nguo vaa moja. Soko la mitumba la Kongowea amka mapema robota likifunguliwa upate kamera, zile nguo bora za kwanza, ukienda jioni utakuta fagia, yani mabaki, na tafuta suruali pana za kitani au pamba.

Sasa paka. Siwezi kuandika kuhusu Japani nikaacha paka, na huwezi kukaa Mji wa Kale ukajifanya huwaoni. Kile kijipaka cha dukani kinaitwa maneki-neko, na wengi wanadhani kinapunga mkono wa kwaheri, hapana, kinaita. Wajapani wanamuita mtu kiganja kikiangalia chini, kama vile nyanya yangu anavyoniita kutoka barazani, Mzungu ndo anageuza kiganja juu. Wengi husema mkono wa kushoto unaita wateja na wa kulia unaita pesa, mimi nina wa kulia na bado nangoja. Mara nyingi anachorwa wa rangi tatu, mweupe, mweusi na rangi ya chungwa, na paka wa hivyo ukimuona mtaani jua karibu hakika ni jike, manake nyeusi na chungwa kwa pamoja zinahitaji kromosomu za X mbili na dume kwa kawaida ana moja tu.

Ukiwapenda paka basi uwapende kwa akili. Usiwape mabaki ya pilau, kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwao. Maziwa ya ng'ombe paka wakubwa wengi yanawaharisha, weka maji safi tu na samaki asiye na viungo. Panadol kamwe, wallahi kamwe, hata kipande, kidonge kimoja kinaua paka. Usimvishe vijinguo vya video na joto hili. Na akikung'ata ama kukupapura mtaani usione haya, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa hata paka wanakipata.

Lugha nayo watu wanaiogopa bure. Vokali zao ni tano kama zetu, a e i o u, na zinatamkwa karibu kama zetu, kwa hivyo sisi tunaanzia mbele kabisa. Na mwalimu tunaye bandarini, yale magari ya Japani yanashuka pale na sauti zake. La mjomba kila akiliwasha dada wa ndani anasema "ETC kaado ga sōnyū sarete imasen", yani kadi ya ETC haijaingizwa, ni kadi ya kulipia barabara kuu za kwao, mjomba kila siku anamjibu "haya mama tumesikia". Anza na katakana, herufi za msingi ni 46, ndo wanazoandikia maneno ya kigeni, kisha pita kwenye yadi za magari usome vibandiko vya kwenye vioo kabla havijabanduliwa. Ukiona mwenye yadi anakutazama vibaya mwambie tu unatafuta Vitz.