Mwalimu Anajibu: Kwa nini wanaandika "the man which"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiingereza sekondari, Utrecht, Uholanzi, darasa la pili la havo (mmoja wa mikondo ya sekondari ya huku). Wanafunzi wangu wanaongea vizuri, lakini tukifika kwenye vishazi rejeshi (sehemu za sentensi zinazoeleza nomino, kama "who lives here") karatasi zinajaa wino mwekundu: "the man which", "everything what I know", na mikato mahali pasipostahili. Nimewakaririsha jedwali la "who", "which" na "that" mpaka wanalisema bila kutazama. Mwenzangu ananionya nisitamke Kiholanzi hata neno moja darasani. Nifanyeje?
Msomaji, Utrecht

JIBU: Marahaba. Liweke jedwali kando na, kwa heshima yote kwa mwenzako, andika Kiholanzi ubaoni. Makosa uliyonitajia si uzembe. Watoto hao wanafuata kanuni, ila ni kanuni za lugha yao ya nyumbani, na asiyeonyeshwa kanuni hizo zinapoishia hawezi kuziacha.

Andika hivi: "de man die", "de tafel die", "het boek dat", "het meisje dat". Waulize kwa nini mwanamume na meza wanapewa kirejeshi (neno linalofungua kishazi hicho) kimoja, halafu msichana akawekwa upande wa kitabu. Watakujibu papo hapo: ni "de" na "het", vibainishi viwili vinavyogawa nomino za Kiholanzi. Sasa waambie kwamba Kiingereza hakiulizi habari hiyo kabisa. Kinauliza: ni mtu, au si mtu? Mtu ni "who", kisicho mtu ni "which". Sisi tuliokulia kwenye ngeli hatushangai kuona nomino ikiamua umbo la kirejeshi. Kilichobadilika hapa ni kigezo tu.

Jihadhari na "that". Kwa kuwa inafanana na "dat", wanafunzi huikimbilia, na mara nyingi inakubalika, hivyo kosa linajificha. Huibuka baada ya mkato: "My father, that works in Rotterdam" haifai.

Tuje kwenye mkato, somo ninalolipenda kuliko yote katika sarufi hii. Usianze na kanuni. Andika "The students who passed can go home", na chini yake "The students, who passed, can go home". Uliza: waliofaulu ni wangapi? Katika ya kwanza ni baadhi, na waliofeli wanabaki. Katika ya pili ni wote wanaozungumziwa. Kiholanzi nacho hutofautisha hivyo hivyo kwa mkato wa mwanzo: "De leerlingen die geslaagd zijn, mogen naar huis", na "De leerlingen, die geslaagd zijn, mogen naar huis". Wape muda waitazame ile ya kwanza. Inahusu baadhi tu, lakini mkato mmoja umo! Huo hauhusiani na maana ya kishazi. Kiholanzi huuweka ili kutenganisha vitenzi viwili vilivyogongana, "zijn" na "mogen". Kiingereza hakiuweki hapo. Ndiko inakotoka "The man who lives here, is my uncle". Mwanafunzi uliyemwambia "futa" atalirudia kosa wiki ijayo, lakini aliyeona chanzo chake atalikamata mwenyewe kabla hajakukabidhi karatasi. Mimi huwaambia: kishazi kikiwa katikati ya sentensi, mikato ni miwili au hakuna kabisa.

Yaliyobaki ni mepesi. "Everything what" ni "alles wat" iliyovaa Kiingereza. Sema "everything that", au "everything I know" bila kirejeshi. Kuacha kirejeshi namna hiyo Kiholanzi hakiruhusu, kwa hiyo lifundishe waziwazi: kirejeshi kikifuatwa na kiima kingine, kama katika "the book that I bought", kinaweza kuondoka. Katika "the man who lives here" hakiondoki. Na "wat" inayobeba sentensi nzima, "Hij kwam te laat, wat mij ergerde", hugeuka "which": "He came late, which annoyed me". "Whose" iache mpaka haya yatulie. Ukiyarundika yote katika kipindi kimoja, watatoka wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia.

SWALI: Mwalimu, wanafunzi wangu wanasema "I feel me tired", na kiti wanakiita "he". Nianze na lipi?
Msomaji, Antwerpen

JIBU: Kiti ni "de stoel", na "de stoel" huitwa "hij", yaani "he". Swali lile lile la mtu au si mtu linatosha kulirekebisha. Nguvu zako zipeleke kwenye "I feel me". Kiholanzi kina vitenzi vingi vinavyodai kiwakilishi rejeshi: "zich voelen", "zich herinneren", "zich concentreren", "zich haasten". Vya Kiingereza, "feel", "remember", "concentrate", "hurry", husimama peke yake katika maana hizo. Watengenezee orodha ya jozi hizo, waiongeze wenyewe kila wanapokutana na kitenzi kipya. "Herself" na wenzake wawatumie pale mtu anapojitenda kweli, kama "she cut herself". Waonyeshe pia "wash" na "shave": Mholanzi husema "hij wast zich", lakini kwa Kiingereza "he washed and shaved" imekamilika.